Maharage matatu kwa kila mwanafunzi

Nafundisha Fizikia kidato cha kwanza, watoto 72 darasani. Shule ya msingi walisoma kwa Kiswahili, ghafla kila kitu Kiingereza. Ukiuliza swali, inanyooshwa mikono mitatu ileile. Wengine wanajua, ila wanaogopa kuchekwa.

Nikaamua wajadiliane kwa vikundi. Mwanzo niliwapanga kumi kumi, nikakosea. Mmoja aliandika, wawili wakabishana, waliobaki wakawatazama. Mtoto mmoja nilimkuta kashika rula kipindi kizima. Ndiyo kazi aliyopewa. Tangu hapo ni wanne wanne. Wa dawati la mbele wanageukia la nyuma, basi. Wapange mwenyewe, wakichaguana wanyonge watabaki pembeni.

Swali lako ndilo litakaloamua. Ukisema "Taja kanuni ya kuelea", atajibu aliyekariri na mjadala umekwisha. Mimi nauliza: kwa nini msumari unazama, na meli ya chuma inaelea? Hapo hata ambaye hajafungua daftari ana la kusema.

Kwanza kila mmoja aandike wazo lake peke yake, dakika mbili, kimya. Usiiruke hatua hii, maana asiye msemaji anaingia kwenye mazungumzo akiwa tayari na kitu.

Kisha gawa maharage makavu, punje tatu kwa kila mtu. Ukichangia, unaweka moja katikati ya dawati. Zikikuishia, unasikiliza mpaka wenzako wamalize zao. Siku ya kwanza wasemaji watamaliza ndani ya dakika moja, halafu utasikia ukimya na kuona watoto wanatazamana. Usiwaokoe. Ngoja.

Waache wajadiliane kwa Kiswahili. Dakika tano za mwisho waligeuze wazo lao kwa Kiingereza, wakisaidiana maneno.

Msemaji wa kikundi asijulikane mapema. Wape namba, 1 hadi 4, kisha muda ukiisha ita: "Namba tatu, simameni!" Wasikilize watano tu, wengine waongeze kilichosahaulika. Na kila mmoja aanze kwa "sisi tumeona", ili akikosea, wamekosea wote wanne.

Wiki iliyopita alisimama binti ambaye sikuwa nimeisikia sauti yake tangu Januari. Kwa Kiingereza cha kuokoteza akaeleza kwamba meli ina nafasi kubwa ndani iliyojaa hewa, ndiyo maana inasukuma maji mengi. Hakuna aliyecheka. Nilitupa jicho kwenye dawati lake: punje zake zote tatu zilikuwa katikati.