Kusoma mteremko wa theluji kabla ya kuukanyaga

Kwenye Alps za Uswisi, maporomoko ya theluji yanayoua watu nje ya njia rasmi za ski kwa kawaida huanzishwa na waliofukiwa wenyewe au na mwenzao. Kwa hiyo kazi yako ni kuchagua mteremko, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika mezani, jioni ya kuamkia safari.

SLF, taasisi ya utafiti wa theluji na maporomoko iliyoko Davos, hutoa taarifa ya hatari saa 11 jioni wakati wa baridi, kisha huihuisha saa 2 asubuhi. Usiishie kwenye namba ya daraja la hatari, 1 hadi 5. Soma hatari iko kuanzia mita ngapi, kwenye miteremko inayotazama wapi, na chanzo chake: theluji mpya, theluji iliyorundikwa na upepo, tabaka dhaifu la zamani, au theluji iliyolowa. Daraja la 3 ndilo linalodanganya. Kwa kuwa liko katikati ya 1 na 5, watu huliona la wastani, ilhali karibu nusu ya vifo hutokea siku za daraja hilo.

Sasa fungua ramani ya swisstopo, ofisi ya ramani ya Uswisi, yenye rangi za miteremko ya kuanzia digrii 30. Kanuni ya kuanzia: daraja la 2, kaa chini ya digrii 40, la 3, chini ya 35, la 4, chini ya 30. Kinachohesabiwa ni kipande kikali kuliko vyote, si wastani, na kilicho juu ya kichwa chako nacho kinahesabiwa.

Ukifika, hakikisha kwa fimbo zako mbili zenye urefu sawa. Laza moja kuelekea chini ya mteremko, mpini ukiwa chini, uikandamize iache alama pande zote mbili. Acha ncha palepale kwenye alama ya juu, inua mpini, na kutoka kwenye mpini huo ning'iniza fimbo ya pili ikiwa wima. Punguza au ongeza kimo mpaka ncha yake iguse theluji. Ikigusa alama ya chini, ni digrii 30. Kila sentimita 10 chini ya alama huongeza takriban digrii 3. Fanya hivi mahali salama penye mwinuko unaofanana, si katikati ya mteremko unaoutilia shaka.

Njiani, ishara tatu zinatosha kukurudisha: maporomoko mapya kwenye miteremko ya jirani, nyufa zinazokimbia kutoka kwenye ski zako, na mlio mzito wa chini kwa chini, kama sakafu inayobonyea. Mlio huo ni tabaka dhaifu likivunjika, na kwenye mteremko mkali bamba lote la juu lingeondoka.

Kama hakuna ishara, chimba. Tafuta mahali salama panapotazama upande uleule na kwa kimo kilekile, pasipo na lundo la upepo. Kata nguzo ya theluji yenye upana wa sentimita 90 kwa kuukingama mteremko na sentimita 30 kuelekea juu ya mteremko, uitenganishe kwa kamba hadi chini ya tabaka dhaifu. Laza koleo upande mmoja, upige mara 10 kwa kiganja ukitumia kifundo cha mkono, 10 kutoka kiwiko, 10 kutoka bega. Ufa ukivuka nguzo nzima kwa pigo lilelile lililouanzisha au linalofuata, uko kwenye theluji inayoeneza ufa: geuza. Chota tabaka lililovunjika. Chembe zikichuruzika kiganjani kama sukari, litabaki dhaifu kwa wiki nyingi. Ufa usipotokea, hujapewa ruhusa. Umepima nguzo moja tu, na hatua chache pembeni theluji inaweza kuwa nyingine kabisa. Tabaka likizidi kina cha mita moja hivi, mapigo huenda yasilifikie.

Mkipanda sehemu kali, achaneni angalau mita 10. Mkishuka, mmoja mmoja, wengine wakisubiri mahali pasipofikiwa na theluji. Kila mtu awe na bikoni, kifaa cha redio cha kutuma ishara na kumtafuta aliyefukiwa, iliyowashwa mwilini, koleo na fimbo ya kuchomea theluji kwenye begi. Simu ikae angalau sentimita 20 kutoka kwenye bikoni inayotuma na 50 inapotafuta, la sivyo mshale huyumba ovyo wakati dakika zinahesabika.