Namna ya Kuandika Barua ya Ijumaa kwa Wazazi wa Darasa la Pili

Mwalimu wa darasa la pili katika shule ya serikali nchini Tanzania, hasa pale ambapo watoto themanini wamo katika chumba kimoja, huwaona wazazi wengi siku ya kikao tu, na ifikapo siku hiyo mtoto aliyekwama kwenye silabi tangu Februari amekwisha kuachwa mbali na wenzake. Barua fupi ya kila Ijumaa huzuia hali hiyo. Haihitaji mashine ya kuchapisha wala simu janja, kwa sababu mwalimu huiandika ubaoni, wanafunzi huinakili katika daftari, na kila mtoto huisoma mwenyewe kwa sauti mbele ya watu wa nyumbani kwake. Mzazi asiyejua kusoma hapungukiwi na chochote, na mtoto anapata andiko analotaka kwa dhati kulisoma, kwa kuwa linamhusu.

Kabla ya kuandika, pitia madaftari ya wiki hiyo pamoja na andalio la somo, kisha chagua jambo moja la kusoma na jambo moja la kuhesabu. Usinakili lugha ya azimio la kazi. Maneno kama “umahiri wa kutambua sauti za herufi” yanatufaa sisi walimu, lakini mama aliyetoka sokoni saa kumi na mbili jioni anataka kujua mtoto wake amefanya nini. Barua ya mistari michache, iliyoandikwa kwa sauti ya mtoto, inaweza kuwa hivi:

“Wazazi wetu, shikamooni. Wiki hii tumesoma maneno yenye ng: ngoma, nguo, ngazi. Tumesoma pia maneno yenye ng': ng'ombe, ng'oa, ng'ambo. Tumejifunza kutoa 17 katika 42. Naomba mnipe punje 42 za maharage niwaonyeshe. Jumatatu nipeleke shuleni maneno mawili mapya yenye ng'.”

Maharage hayo yana sababu. Watoto wengi wakiandika 42 kutoa 17 hupata 35, kwa kuwa wanaona 2 ni ndogo kuliko 7 wakageuza, wakatoa 2 katika 7. Akiwa na punje mkononi, mtoto hupanga mafungu manne ya kumi na punje mbili pembeni, na anapotakiwa kutoa saba analazimika kuvunja fungu moja. Sasa ana punje 12 za kutoa 7, zinabaki 5. Mafungu matatu yaliyosalia yakitolewa moja yanabaki mawili, na jibu ni 25. Bibi anayehesabu kwa Kisukuma au Kigogo anaweza kusimamia zoezi hili sawasawa na mwalimu.

Tenga kipindi cha mwisho cha Ijumaa kwa kunakili, na pita kati ya madawati kabla kengele haijalia, maana alama ya ritifaa ikisahauliwa, ng'ombe anafika nyumbani akiwa ngombe. Watakaoshindwa kumaliza waandikie wewe mwenyewe, na majina yao yahifadhi, kwa kuwa mtoto asiyeweza kunakili mistari michache katikati ya mwaka anahitaji msaada wako kuliko mwingine yeyote.

Alama za majaribio, nafasi ya mtoto darasani na michango isiyolipwa visiingie katika barua hii. Mtoto hawezi kusoma kwa furaha karatasi inayomdai baba yake. Kama darasa lina kundi la WhatsApp, tuma humo barua ileile kwa ujumbe wa sauti, lakini isichukue nafasi ya daftari. Picha za watoto zisitumwe bila ridhaa ya wazazi. Tangu 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata isingekuwapo, heshima ya mtoto ingetosha kutuzuia.

Jumatatu asubuhi anza na maneno waliyoyaleta, yaandike ubaoni na darasa zima liyasome. Binafsi naona kazi hii inafaa kuliko sahihi ya mzazi, ambayo wapo watoto wanaojiwekea wenyewe. Mtoto akirudi mikono mitupu wiki mbili mfululizo, usimwadhibu. Muulize kwa upole jioni anakaa na nani. Mara nyingi utasikia kwamba mama hurudi usiku na anayempikia ni dada yake wa darasa la sita, au kwamba anaishi na babu asiyeona vizuri. Ijumaa inayofuata badilisha mstari wa kwanza ubaoni uwe “Wazazi, babu, bibi, kaka na dada zetu,” kisha mwite huyo dada wakati wa mapumziko umweleze jinsi ya kupanga maharage.