Unga wa diatomaiti: mende, kunguni mpaka mahindi ya stoo

Ukisema unga wa kuua mende watu wanawaza sumu, huu sio sumu. Diatomaiti ni mwamba laini uliotokana na vijimea vidogo sana vya majini vyenye maganda ya silika, hapo jirani Kenya wanauchimba Kariandusi karibu na Gilgil, ukisagwa unakuwa kama poda ya mtoto. Mdudu akiupitia unanyonya ile nta inayofunika mwili wake, maji yanamtoka anakauka anakufa. Kwa hiyo usitegemee adondoke hapohapo kama umepuliza dawa ya kopo, mpe siku kadhaa.

Dukani soma mfuko kwanza. Ule wa kuchujia maji ya swimingi puli usichukue kabisa, umechomwa kwa moto mkali na silika yake ni hatari kwa mapafu. Hata huu mwingine vaa barakoa na watoto watoke nje kwanza.

Ndani ya nyumba wengi wanamwaga malundo, mende analizunguka tu anaendelea na safari zake. Inatakiwa vumbi jembamba ambalo hata hulioni vizuri. Chukua chupa ya maji ikauke kabisa, toboa kifuniko kwa msumari, jaza robo halafu uwe unaminya nyuma ya friji, chini ya jiko, kwenye nyufa na kona za makabati. Kunguni toa godoro, paka kwa brashi ya rangi kwenye chaga na maungio yote ya kitanda, shuka achana nazo. Mayai yao hayafi kwa unga huu ndo maana usiufagie mapema, wakianguliwa waukute. Kuku wenye utitiri weka kwenye viota na pale wanapojigaragaza.

Bustanini una masharti maana ukilowa haufanyi kazi mpaka ukauke tena, sasa kwa masika ya Machame au Kibosho kule Kilimanjaro mi nakwambia hifadhi hela yako. Kiangazi sawa, nyunyiza kuzunguka mashina ya mchicha na chini ya majani yenye vidukari, jioni nyuki wakishalala. Kwenye maua usiguse, parachichi na kahawa hasa, nyuki nao ni wadudu, watakauka vilevile.

Ila mimi naona faida kubwa iko kwenye mahindi. Wazee walikuwa wanachanganya maharage na majivu, hii ni akili ileile. Anika yakauke haswa, kwa gunia la kilo 100 pima gramu 100 mpaka 250 kufuatana na maelezo ya mfuko, na kama kwenu kuna dumuzi, yule mdudu mtoboa mahindi wanayemwita skania, usibanie kwa sababu kiasi kidogo hakimsumbui. Mwaga mahindi kwenye turubai, nyunyiza, geuza kwa koleo mpaka kila punje ishike vumbi ndo ujaze magunia. Siku ya kwenda mashineni pepeta, osha, anika, kasage.