Fonti za Kichina kwenye Linux: jinsi ya kuiondolea kompyuta lafudhi ya Kijapani

Dada mmoja mfasiri aliniletea kompyuta yake mpakato yenye Linux. "Fundi, wenzangu wa Beijing wananicheka. Nikiwatumia skrinshoti wanasema kompyuta yangu inaandika Kichina kwa lafudhi ya Kijapani." Nilitazama nikaona Kichina tu, mpaka alipoikuza herufi moja: 直.

Unicode, ile orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake, imezipa herufi za Kichina, Kijapani na Kikorea zenye asili moja namba moja. 直 ni U+76F4 popote duniani, lakini umbo lake si moja. China bara, mistari ya ndani imefungiwa kwenye kisanduku kilichokalia mstari mrefu wa chini. Japani, upande wa kushoto kuna mstari unaoshuka kisha unakunja kulia kama herufi L. Itazame pia 骨, U+9AA8: kile kipembe cha ndani, juu, China bara hukaa kushoto na Japani hukaa kulia. Namba haisemi ni herufi ya nani. Anayeamua ni fonti, yaani faili lenye michoro ya herufi.

Ukiweka mfumo mzima kwa Kichina, distro (matoleo ya Linux) nyingi zimeshakupangia. Wanaoachwa solemba ni sisi tulioweka mfumo kwa Kiswahili au Kiingereza (sw_TZ, sw_KE au en_US), kwa sababu mfumo hauna pa kujua kwamba Kichina tunachosoma ni cha China.

Hatua ya 1: Uliza ni Kichina kipi

Usiguse kitu kabla ya swali hili. China bara na Singapore wanatumia herufi zilizorahisishwa. Taiwan na Hong Kong wanatumia za jadi, na hata hao wawili hutofautiana katika baadhi ya maumbo. Kwenye majina ya fonti utaona SC kwa zilizorahisishwa, TC kwa Taiwan, HK kwa Hong Kong, JP kwa Japani na KR kwa Korea. Mteja wangu alihitaji SC.

Hatua ya 2: Angalia kilichopo

Fungua terminali:

fc-match -s sans-serif:lang=sw | grep -m1 CJK

Hapa unaiuliza Fontconfig, ile programu inayogawa fonti kwenye eneo-kazi, kwamba mtu wa Kiswahili akikutana na herufi ya Kichina atapewa fonti ipi. Kwa yule dada jibu lilikuwa:

NotoSansCJK-Regular.ttc: "Noto Sans CJK JP" "Regular"

Huyo JP ndiye mwenye lafudhi. Usipopata jibu lolote, huna Noto CJK, yaani fonti za Noto za Kichina, Kijapani na Kikorea. Nenda hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Sakinisha

Debian na Ubuntu: sudo apt install fonts-noto-cjk
Fedora: sudo dnf install google-noto-sans-cjk-fonts
Arch: sudo pacman -S noto-fonts-cjk

Kwa nini Noto? Google na Adobe waliitoa mwaka 2014 (kwa Adobe inaitwa Source Han Sans), leseni yake ni huria, na faili moja linabeba maumbo ya nchi zote. Ubaya wake ni uzito: faili la unene mmoja linakaribia MB 20. Kwenye mashine ya zamani yenye diski ndogo mimi huweka WenQuanYi Micro Hei, ambayo ni kama MB 5. Haina madaha, lakini inasomeka.

Hatua ya 4: Panga foleni

Kazi yenyewe iko hapa. Fonti zote tano za Noto CJK zina karibu herufi zilezile, kwa hiyo kuangalia nani ana herufi na nani hana hakuisaidii Fontconfig kuchagua. Inabaki kufuata foleni, na ndani ya lile faili JP ndiye wa kwanza. Basi tunaipanga foleni wenyewe. Tengeneza faili ~/.config/fontconfig/fonts.conf uandike:

<?xml version="1.0"?>
<!DOCTYPE fontconfig SYSTEM "urn:fontconfig:fonts.dtd">
<fontconfig>
  <alias>
    <family>sans-serif</family>
    <prefer>
      <family>Noto Sans</family>
      <family>Noto Sans CJK SC</family>
    </prefer>
  </alias>
  <alias>
    <family>monospace</family>
    <prefer>
      <family>DejaVu Sans Mono</family>
      <family>Noto Sans Mono CJK SC</family>
    </prefer>
  </alias>
</fontconfig>

Angalia mpangilio: fonti ya Kilatini inatangulia, ya Kichina inafuata. Nimeona watu wengi wakigeuza, kisha wanalalamika kwamba Kiswahili chao kimebadilika sura na mistari imeachana. Ndivyo itakavyokuwa, maana Noto CJK nayo ina a, b, c zake, zilizochukuliwa kutoka Source Sans. Ikitangulia, itaandika kila kitu.

Ukitaka mashine nzima ifuate, si mtumiaji mmoja tu, maandishi hayohayo yaweke kwenye /etc/fonts/local.conf.

Kama mtu anasoma pia ya Taiwan, usimlazimishe SC kila mahali. Ongeza kipande hiki kabla ya </fontconfig>:

<match target="pattern">
  <test name="lang" compare="contains"><string>zh-tw</string></test>
  <test name="family"><string>sans-serif</string></test>
  <edit name="family" mode="prepend" binding="strong">
    <string>Noto Sans CJK TC</string>
  </edit>
</match>

Maandishi yaliyojitambulisha kuwa ya Taiwan yatapata TC. Yasiyojitambulisha yatabaki na SC.

Hatua ya 5: Jaribu

Andika fc-cache -f ili Fontconfig isome fonti upya, toka kwenye akaunti yako, ingia tena, kisha rudia amri ya hatua ya 2. Ukiona SC, fungua kihariri chochote uandike 直门骨头. Mfuatano huu hauna maana yoyote, ni mtego tu. 门 na 头 ni maumbo yaliyorahisishwa, na fonti nyingi za Kijapani hazinayo. Zikionekana nene au nyembamba kuliko jirani zake, kama kiraka kwenye kanzu, ujue bado fonti mbili zinagombea mstari mmoja.

Pale inapogoma

Firefox ina mipangilio yake ya fonti kwa kila lugha, hivyo ikikaidi ingia humo uchague SC kwa Kichina kilichorahisishwa. Programu za Flatpak (zinazosakinishwa zikiwa zimefungiwa kando na mfumo) zinaweza zisilione faili lako, zifungulie mlango:

flatpak override --user --filesystem=xdg-config/fontconfig:ro

LibreOffice ndiyo iliyonichosha kwa yule dada. Inatunza fonti ya maandishi ya Asia kando na ya Kilatini, na lugha ya Asia kando pia. Kwenye mipangilio ya lugha nilimwekea Kichina kilichorahisishwa, nyaraka mpya zikatulia. Zile za zamani zilikuwa zimehifadhiwa na lugha ya Kijapani ndani yake, ikabidi tuzifungue moja moja na kubadilisha mtindo wa aya.