Kabla ya Kutafsiri Methali ya Kiayalandi, Isikilize

Methali yangu ya kwanza ya Kiayalandi nilipewa siku niliyoteleza kwenye barafu nikaingia kazini nachechemea. Nilikuwa nahudumia wazee huko Connemara, magharibi mwa Ayalandi, sehemu ambayo bado wapo wanaozungumza Kiayalandi nyumbani. Mzee niliyekuwa namvisha soksi aliona nilivyokalia kiti kwa upande, akasema: "Níl aon tóin tinn mar do thóin tinn féin, a stór." Hakuna tako linalouma kama tako lako mwenyewe, mpenzi wangu. Nikaiandika daftarini, nikiamini nimeokota hekima ya kale.

Kumbe utani mtupu. Methali yenyewe ni "Níl aon tinteán mar do thinteán féin", hakuna meko kama meko yako. Kwa hiyo anza hivi: isome kwa sauti kabla hujauliza maana. Mzaha wao mwingi umekaa kwenye mlio, na ukiona watu wazima wanabana vicheko mtu anaposifia meko yake, ujue masikio yao yamesikia ile nyingine.

Halafu usikimbilie methali yetu inayofanana. Nilikosea sana hapa. "Ní neart go cur le chéile" niliiandikia "Umoja ni nguvu", na sijutii. Lakini chukua "Is ar scáth a chéile a mhaireann na daoine": watu huishi kwenye kivuli cha wenzao. Sisi tukisikia kivuli tunawaza mti na jua la adhuhuri. Connemara jua la kukimbiwa liko wapi? Scáth ni kinga dhidi ya upepo wa bahari na mvua inayopiga ubavuni. Hata mwavuli wanauita scáth fearthainne, kivuli cha mvua. Niliielewa siku tuliyojibanza watatu kwenye ukuta wa mawe tukingoja basi, yule wa upande wa upepo akilowa kwa niaba yetu. Ningeandika "Mtu ni watu" maana ingefika, ila ukuta ungebaki nyuma.

Basi andika neno kwa neno kwanza, kisha uliza kile kitu kilikuwa na kazi gani kwao. Meko ya zamani iliwashwa udongo mweusi wa kinamasi uliokaushwa, na usiku makaa yalifukiwa majivuni ili moto usizimike. Ukishajua hilo, "meko yako" inakuwa nzito zaidi. "Aithníonn ciaróg ciaróg eile", mbawakawa humtambua mbawakawa mwenziwe, mara nyingi ni kijembe. Usimwambie mkweo.

Maneno yaliyochapwa kwenye vikombe vya watalii yahakiki. Kati ya 1937 na 1939, watoto wa shule wapatao 50,000 waliwauliza wazee wao hadithi, methali, tiba na michezo, wakaandika kwa mkono. Kurasa hizo sasa zinasomeka kwenye tovuti ya Dúchas. Tafuta kwa neno la Kiayalandi, si kwa tafsiri yake. Usipoiona huko si lazima iwe ya uongo, ila punguza kujigamba nayo.

Kwenye hadithi za viumbe wasioonekana, punguza udadisi. Wazee huwaita na daoine maithe, watu wema, kwa adabu ileile tunayotumia tunapokwepa kutaja majina fulani usiku. Mwaka 1999 msimuliaji Eddie Lenihan aliutetea mti mmoja wa miiba huko Latoon, Clare, uliosemekana kuwa wa viumbe hao na uliokuwa kwenye njia ya barabara mpya, na mti ukaachwa. Ukiuliza "Unaamini?", jibu linalosimuliwa sana ni hili: "Siamini hata kidogo. Lakini wapo."

Mwisho, itumie, hata ukikosea. Wana msemo kwamba Kiayalandi kilichovunjika ni bora kuliko Kiingereza cha werevu: "Is fearr Gaeilge bhriste ná Béarla cliste." Siku ya kuondoka nilitaka kumuaga mzee kwa ile ya meko, kwa heshima zote, nimeifanyia mazoezi wiki nzima. Ulimi ukaangukia kwenye tako. Aliomba nirudie, na muuguzi wa zamu akaitwa aje asikie.