SOMO: Maudhi ya dawa za presha, na kosa nililofanya mimi

Wadau, kila wiki naulizwa yale yale kwenye meseji, basi naandika mara moja. Si daktari mimi. Ni mgonjwa wa presha hapa Ujiji, mwaka wa 9 namezea dawa.

1. Nakili jina la dawa kama lilivyo kwenye pakiti. "Kile kidogo cheupe" si jina.

2. Ukiamka, kaa kitandani kidogo ndipo usimame.

3. Dawa ya kukojosha imeze asubuhi, la sivyo hulali.

4. Kikohozi kikavu. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilianzishiwa enalapril, wiki chache koo likawa linawasha, nakohoa usiku kucha. Nikanywa tangawizi na asali, nikapima makohozi mara mbili, TB hakuna. Kote huko sikutaja kidonge cha presha. Nilipoambiwa ndicho chanzo, nikakiacha kimyakimya. Siku 10 baadaye nikapimwa 190 kwa 110. Captopril, enalapril na lisinopril ni ndugu, zote zaweza kuleta kikohozi hicho. Rudi ubadilishiwe; mimi nilipewa losartan, kikakoma. USIACHE MWENYEWE. Mjamzito asitumie hizi wala losartan, aseme mapema. Na midomo, ulimi au uso vikivimba, usimeze tena: hospitali saa hiyo hiyo.

MASWALI

Mama wa Gungu: Miguu imevimba, niache dawa?
— Dawa gani? Soma namba 1.
Mama wa Gungu: Samahani kaka, amlodipine.
— Haya dada. Hiyo huvimbisha vifundo vya miguu, hasa dozi ikiwa kubwa. Endelea kumeza, kamwonyeshe daktari. Ukihema kwa shida, nenda leo.

Kijana wa Mwanga: Nguvu za kiume zilipungua, nimeacha wiki 2. Nifanyeje?
— Umeshaacha ndipo unauliza? Nimeandika kwa herufi kubwa. Kapime leo, na umwambie daktari hilo waziwazi, dawa zipo nyingi. Presha yenyewe pia hupunguza nguvu hizo.

Mvuvi wa Kibirizi: Nina pumu, nimeandikiwa atenolol. Vinapatana?
— Umefanya vizuri sana kuuliza, ndugu yangu. Inaweza kubana kifua cha mwenye pumu. Kama hujaanza, usianze kabla ya kumwona aliyekuandikia. Kama umeanza, mwone upesi. Kuikata ghafla nako ni hatari kwa moyo. Kifua kikibana, usingoje miadi.

Mama wa Gungu: Na diclofenac ya goti?
— Hupandisha presha, na ukichanganya na dawa zetu huumiza figo. Uliza kwanza kama paracetamol itakutosha.

Mvuvi wa Kibirizi: Wazee wanasema chumvi ya Uvinza haina madhara.
— Ni chumvi ile ile, punguza. Samaki wa chumvi mloweke, umwage maji, ndipo upike.