Kutengeneza kichocheo cha mwanga kwa urea na kukipima bila kujidanganya

Sisi wa Goma tunaijua kaboni dioksidi kwa jina la mazuku, hewa nzito inayojikusanya mabondeni na kuua mifugo na hata watu. Nitridi ya kaboni, semikonda (kitu kinachopitisha umeme kwa kiasi tu) ya rangi ya manjano, ndiyo kichocheo chetu: ikipigwa na mwanga huweza kuigeuza hewa hiyo kuwa monoksidi ya kaboni au methani, ingawa kwa kiasi kidogo sana.

Hatua ya 1. Weka gramu 10 za urea safi katika bakuli la kauri, lifunike, kisha ulipashe katika tanuri la umeme ukipandisha nyuzi 5 za Selsiasi kila dakika hadi 550, na ulidumishe hapo saa 3. Fanya kazi hii penye kivuta hewa, kwa kuwa amonia itakayotoka ni kali. Urea itageuka kuwa unga wa nitridi ya kaboni; usishangae ukibaki na chini ya gramu 1. Umeme ukikatika katikati, mimi huanza upya.

Hatua ya 2. Osha unga kwa maji moto yaliyokenekwa, kisha uukaushe.

Hatua ya 3. Usiende kuteka kaboni dioksidi kwenye mazuku. Itengeneze kwa magadi ya kuokea na asidi ya sulfuriki iliyozimuliwa. Siki haifai, kwa sababu mvuke wake una kaboni.

Hatua ya 4. Tandaza miligramu 50 za unga katika chombo cha kioo chenye matone ya maji, pitisha gesi kwa dakika 30 ili hewa yote itoke, ufunge, kisha uwashe taa. Pengo la nishati la unga huu, yaani nishati ya chini ambayo mwanga lazima uwe nayo ili kuuamsha, ni elektroni-volti 2.7, kwa hiyo taa ya nanomita 420, ambayo mwanga wake una nishati zaidi ya hiyo, inatosha.

Hatua ya 5 ndiyo inayorukwa na wengi. Rudia jaribio gizani, kisha bila unga, kisha kwa nitrojeni badala ya kaboni dioksidi. Niliwahi kushangilia monoksidi niliyoipata, hadi jaribio la nitrojeni liliponipa karibu kiasi kilekile: ilitoka kwenye grisi ya kifuniko. Unga wetu wenyewe una kaboni, hivyo shaka haiishi mpaka utumie kaboni dioksidi yenye kaboni-13, aina ya kaboni iliyo nzito kidogo kuliko ya kawaida, na kipima-masi kionyeshe monoksidi ya uzito wa 29, si 28.